Wale wa Chini Wape Pia

Ninyi mnaofungua klabu asubuhi siku hizi mnalikuta tangi la samaki limekaa pale ukumbini, kati ya dirisha na meza ya magazeti, na nadhani mnaona kama lilijengwa pamoja na nyumba. Halikujengwa. Lililetwa kwa lori la chai likiwa limefungwa magunia, na viumbe waliomo wameponea chupuchupu zaidi ya mara moja, mara ile kubwa kutoka mikononi mwangu. Nimestaafu mwezi huu. Kabla sijazama katika mambo ya ng'ombe kule Roret, nimeona niwaachie maandishi kuhusu wale kambare wadogo, kwa sababu ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi yangu, nami ndiye niliyewatendea ubaya kuliko mtu yeyote.

Kuhusu vyeo sitaandika. Nilipanda polepole, na kila mara ilikuwa kwa sababu aliye juu yangu alichoka. Mshahara mnaujua.

Niliajiriwa ukarani mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo katika mashamba ya chai ya Kericho wakati ule lilimfanya mtu atembee ameinua kidevu, nami nilikiinua hadi nikajikwaa kwenye ngazi za klabu siku ya kwanza. Katibu wa klabu alikuwa Mwingereza mrefu tuliyemwita Bwana Meja. Hatukuwahi kuambiwa alikuwa meja wa nini. Alizungumza Kiswahili cha walowezi, kile kisicho na ngeli wala huruma. Akaniambia, "Wewe napata kazi. Kwenda kwa Nyabuto, yeye taonyesha wewe kila kitu." Kisha akanyooshea tangi kidole. "Na hii hapana gusa."

Mzee Nyabuto alikuwa mtu wa upande wa Kisii, wa miaka hamsini hivi, aliyekuja kwenye chai akiwa mchumaji kijana na kuishia kuwa mtunza ukumbi. Kazi yake ilikuwa sakafu, moto wa kuni na tangi. Sakafu na moto mtu yeyote angeweza. Wakati ule klabu ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, kwa kuwa wanachama wengi walikuwa wakirudi kwao, na Nyabuto alibaki kwa sababu moja tu: samaki wa Bwana Meja hawakufa mikononi mwake. Nyumba yake ya vyumba viwili kule laini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi, na bustani ya mboga ya mkewe nyuma ya nyumba, vyote vilisimama juu ya migongo ya samaki wasiozidi urefu wa kidole. Alinieleza hivyo mwenyewe, bila kulalamika, kama mtu anayeonyesha nguzo inayoshikilia paa.

"Sasa mwanangu," akasema, "hawa ndio nguzo. Usiwaguse."

Kwa wale ambao hamjawatazama vizuri: hawa ni kambare wa Amerika ya Kusini, na Bwana Meja aliwaita kori. Hawafanani na kambare wa ziwani, yule anayefika sokoni amekaushwa na kujikunja kama mkanda. Huyu ni mfupi na mnene, ubavu wake una magamba yaliyopangwa kama mabati, na mdomoni ana masharubu madogo ya kupapasia chakula mchangani. Macho huyazungusha, na ukimtazama kwa muda utaapa amekukonyeza. Mama mmoja wa usafi aliomba kuhamishiwa jikoni kwa sababu hiyo.

Nyabuto alipokwenda kuleta kuni, mmoja akanikonyeza. Nikatia mkono kumshika. Pezi la ubavuni la kori lina mwiba, na mwiba ule una maneno yake. Mzee aliporudi alinikuta nanyonya kidole, wala hakuuliza.

"Na wavu hatutumii," akaendelea, kana kwamba tulikuwa katikati ya somo. "Ule mwiba unanasa kwenye nyuzi, ukimvuta unamrarua. Huyu tunamtoa kwa kikombe. Polepole, kama unamchotea mgonjwa uji."

Kile kikombe cha bati kilichovunjika mpini, kilicho kwenye kabati chini ya tangi, ndicho. Msikinywee.

Mwezi wa pili mzee aliniomba nitafute mchanga mpya wa kutandika chini. Mimi, kwa sababu ya elimu, niliona mchanga ni kitu cha kishamba. Nikaleta kokoto nyeupe za barabarani, zile zilizopasuliwa kwa nyundo, nikaziosha zikang'aa. Nyabuto akachota konzi moja.

"Lete shavu."

Nikadhani anatania, nikalileta. Akanisugua nazo mara mbili, si kwa nguvu.

"Unasikiaje?"

"Zinakwaruza, mzee."

"Na wewe ni shavu tu. Huyu mwenzako kutwa yuko chini anachimba kwa mdomo. Ukimlaza hapa masharubu yataisha kama ufagio wa zamani, halafu afe njaa akiwa amezungukwa na chakula."

Tukaenda mto Itare tukaleta mchanga laini, tukauosha mpaka maji yakatoka safi. Hadi leo kipimo chetu ni shavu. Mkileta mchanga, msiulize kitabu.

Nisijidharau kupita kiasi; kuna jambo moja jema nililoleta. Kisanduku cha kuchujia maji kilitaka mkaa, na mkaa wa jikoni ulikuwa unayatia maji weusi. Mama yangu akanipa ule wa mti wa senetwet, tunaosugulia vibuyu vya maziwa ya mursik, nao ukayasafisha maji yakawa kama hayapo. Nyabuto akakubali kwamba Wakipsigis wana akili, ila wameificha ndani ya vibuyu.

Sasa lazima nimlete arap Chumo. Huyu alikuwa mhudumu wa baa, Mkipsigis mwenzangu kutoka Siongiroi, mcheshi, aliyenizidi umri kwa miaka kumi na mitano, na mwenye herufi p iliyoimeza herufi b yote. Wengi wetu huanza hivyo, kwa kuwa lugha yetu haizitenganishi hizo mbili, wala k na g. Mimi nilitenganishiwa shuleni kwa kiboko, hata b zangu zikawa nzito kuliko za waliozaliwa nazo. Arap Chumo hakuchapwa. Kwake Bwana Meja alikuwa "Pwana Meja", baridi ilikuwa "paridi", na bia, ambayo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ilikuwa "pia". Wanachama walimzoea. Mimi sikumzoea, nikawa namsahihisha.

"Bia, arap Chumo. Ba, ba."

"Ndiyo hiyo nasema. Pia."

"Hapana, wewe unasema pia."

"Na wewe unasema nini?"

"Bia."

"Sasa tunakosana wapi?"

Sikupaswa kumsahihisha mtu wa umri ule mbele ya watu. Nilijua hivyo hata wakati ule, lakini kidevu kilikuwa bado kiko juu.

Mwaka wa pili Nyabuto alikwenda likizo kwao kuvuna mahindi, akaniachia tangi. Alinipa maagizo siku mbili mfululizo. Taa iwashwe saa hizi, izimwe saa hizi. Umeme ukikatika tangi lifunikwe blanketi, kwa maana baridi ya Kericho haina urafiki na samaki wa nchi za joto. Chakula ni mara mbili kwa siku, kiasi kinachokaa juu ya ukucha. Kuhusu kori alisahau kusema, nami sikuuliza. Nilikuwa nimewasikia wanachama wakisema kwamba samaki wa chini hula uchafu wa wenzao, nikaona ni mpango mzuri sana. Si kweli. Hawali uchafu. Wanakula minyoo iliyokatwakatwa na chakula kinachozama, na wasipopewa chao wanakonda kimya kimya huku wa juu wakinenepa juu ya vichwa vyao.

Siku ya nne ya likizo Nyabuto alikumbuka. Akatembea mpaka posta akapiga simu klabuni. Mimi nilikuwa stoo, kwa hiyo arap Chumo akaipokea pale baa. Nilipotoka nilimkuta ananisubiri.

"Nyaputo amepika simu," akasema.

"Amepiga."

"Amepika, ndiyo. Anasema wale wa chini uwape pia."

"Niwape nini?"

"Pia."

"Samaki?"

"Wale wa chini. Amesema mara mpili. Wale wa chini wape pia, wasisahaulike."

"Kiasi gani?"

"Hakusema, simu ilikatika. Lakini alikuwa na wasiwasi, huyo mzee."

Hapa nawaomba msome polepole. Mtu asiye na elimu angelisikia neno kama lilivyo: wale wa chini nao wapewe chakula. Angewapa chakula, na maisha yangeendelea. Mimi nilikuwa nimefundishwa. Nilijua kwamba arap Chumo akisema pia anamaanisha bia. Nikamsahihisha kichwani mwangu, kimya kimya, kwa ufundi, nikapata: wale wa chini wape bia.

Mtasema ningeshangaa. Nilishangaa kidogo. Lakini huyu alikuwa mzee aliyenisugua shavu kwa kokoto, aliyewapa samaki kiini cha yai na kuwafunika blanketi. Isitoshe, nilikwenda kuwatazama wale kori sita. Walikuwa wamekaa duara mchangani, vichwa pamoja, masharubu yameelekea katikati, sawa kabisa na wazee wetu wa zamani walivyouzunguka mtungi wa pombe na mirija yao mirefu. Nikasema moyoni, kumbe.

Shida ilikuwa moja. Mimi ni mtu wa kanisa. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na aliniruhusu kufanya kazi penye baa kwa sharti kwamba sitashika chupa. Nilifikiri sana juu ya sharti hilo. Mwishowe nikaishika chupa kwa leso.

Ilikuwa nusu chupa, imeachwa verandani na mtu aliyeondoka kwa haraka. Nikatia mpira mwembamba ndani ya maji na kuishusha bia mpaka kwenye mchanga, kidogo kidogo, ili wale wa juu wasilewe. Hata leo najivunia uangalifu ule. Arap Chumo akasimama mlangoni na trei yake.

"Unafanya nini?"

"Nawapa bia wale wa chini. Si ndivyo Nyabuto alivyosema?"

Akafikiri. "Nyaputo hakusema ni pia," akasema. "Alisema uwape pia."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Haya," akasema, akaenda zake kufuta glasi.

Kwa dakika chache niliona furaha tangini. Kori akikosa hewa majini hupanda mbio hadi juu, anameza hewa, anarudi chini. Wote sita walipanda na kushuka, wakapanda na kushuka, nami nikasimama pale nikidhani wanacheza. Halafu ile mashine ya kupuliza hewa, ambayo sikuifikiria, ikaendelea na kazi yake kama kawaida, na bia nayo ikafanya inachofanya bia ikipulizwa. Povu likajaa, jeupe, zito, likavuka ukingo wa kioo na kuteremka hadi kwenye meza ya magazeti. Mwanachama mmoja aliyekuwa akisoma alivuta kiti chake nyuma, akageuza ukurasa.

Kesho yake maji yalikuwa kama maziwa lala. Siku ya tatu kori wanne walikuwa wamekufa, na nusu ya wale wa juu. Nilibadilisha maji, nikabadilisha mkaa, nikaomba. Waliobaki wakabaki.

Bwana Meja alirudi kutoka Nairobi akasimama mbele ya tangi muda mrefu. "Hii Nyabuto," akasema, "yeye naacha samaki yangu namna gani? Yeye naambia wewe nini?"

"Hakusema mengi, bwana," nikajibu.

Hakuna neno la uongo katika jibu lile. Nimelipima mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara linakuwa kweli, na kila mara linakuwa jambo baya kuliko yote niliyowahi kusema.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na nilikuwa nimeoa juzi tu. Nilimwogopa baba mkwe na leso yangu. Lakini nikisema ukweli, hayo yote yalikuwa mepesi. Kilichonifunga mdomo ni kwamba ningelazimika kueleza nilivyokosea, yaani mimi wa kidato cha nne, msahihishaji wa watu, nilishindwa na neno la herufi tatu ambalo mtoto wa laini analijua.

Nyabuto alirudi Jumapili. Jumatatu asubuhi Bwana Meja alinipa barua ya kuandika kwa taipureta. Ilikuwa fupi: Nyabuto ameacha mali ya klabu bila maelekezo, kazi yake imekwisha, nyumba airudishe Jumamosi. Nikaiandika. Nilikosea herufi moja katika jina lake, nikarudia ukurasa mzima ili iwe safi.

Mzee hakujua Kiingereza. Aliipokea ile barua, akaitazama, akanirudishia mimi nimsomee. Nikamsomea yote, mpaka sahihi.

Kisha akauliza, "Nilipiga simu. Hukupata maneno yangu?"

"Niliyapata, mzee."

"Wale wa chini uliwapa?"

"Niliwapa."

Akatikisa kichwa. "Basi ni ugonjwa. Ugonjwa wa maji haumchagui mtu. Usijilaumu, mwanangu."

Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuwasha moto wa ukumbini kwa sababu ilikuwa saa ya kuwasha.

Siku tatu zilizofuata nilifanya kazi yangu vizuri sana. Nilipanga mafaili ambayo hakuna aliyeniomba niyapange. Alhamisi jioni, nikirudi nyumbani kupitia laini, nilimkuta mke wa Nyabuto, Mama Kerubo, anang'oa bustani. Hakuwa anachuma, alikuwa anang'oa. Chinsaga, managu, vitunguu, vyote pamoja na mizizi, anakung'uta udongo na kurundika.

"Sitamwachia mtu nisiyemjua," akaniambia, wala sikuwa nimeuliza. "Aje alime yake." Kisha akanijazia mikono yote miwili mboga. "Chukua, mwanangu, upelekee bibi yako. Wewe ndiye peke yako pale klabu uliyempenda mzee. Wale wengine hawana shukrani."

Nikafika nyumbani nimebeba nusu ya bustani. Mke wangu, Rael, akaiangalia.

"Mbona ina mizizi?"

Nikaanza kueleza kuhusu mizizi, nikajikuta nimeeleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliwapa samaki bia," akasema.

"Kwa leso."

Rael akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka, akarudia "kwa leso" mara tatu. Halafu akajifuta uso, akainuka. Akaisukuma ile mboga kwa mguu mpaka upande wangu wa chumba.

"Hii utaipika mwenyewe na utaila mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kula bustani ya mtu."

Ijumaa asubuhi nikagonga mlango wa Bwana Meja. Niliongea nimesimama, kwa Kiingereza, na nilipofika mahali pa kueleza kosa lenyewe niligundua kwamba kwa Kiingereza halielezeki, nikabadili lugha.

"Wewe napa samaki bia," akasema Bwana Meja.

"Ndiyo, bwana."

"Bia gani?"

"Ile nusu chupa ya verandani."

Akafumba macho. "Ile ilikuwa yangu. Gari nafika, mimi naacha kwa meza." Akayafumbua. "Ita Chumo."

Arap Chumo akaja na trei, kwa desturi.

"Chumo, sema bia."

"Pia, Pwana."

"Sasa sema pia."

"Pia."

"Ile ya kwanza tena."

"Pia. Na ya pili, pia." Akanigeukia. "Kuna shida kani?"

Bwana Meja akageukia dirisha, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani nimemliza. Ilichukua muda kabla hajageuka tena, na uso wake ulikuwa mwekundu kama tanuri la kiwandani. "Barua ya Nyabuto, wewe napasua," akaniambia. "Na kila wiki wewe nafanya kazi kwa tangi, chini ya Nyabuto, mpaka yeye nasema basi."

Nyabuto alisema basi baada ya miaka minne.

Lakini kwanza ilibidi nimfikie. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku mlangoni kwake, vyombo vimefungwa, vitanda viko nje, anangoja lori la kesho. Nikamweleza yote, simu, neno, leso, povu. Sikupunguza kitu. Hakucheka hata pale ambapo watu wote hucheka.

"Tangu barua mpaka leo ni siku ngapi?" akauliza.

"Tano, mzee."

"Siku tano. Na ni wewe uliyenisomea."

"Ni mimi."

"Ulisoma vizuri," akasema. "Asante, Bwana Karani."

Niligundua mara moja kilichotokea. Tangu nifike klabuni alikuwa ananiita mwanangu. Kuanzia siku ile nikawa Bwana Karani, kwa heshima zote, asubuhi na jioni, na sikusikia lile jina lingine tena.

Mama Kerubo hakuwa na maneno mengi. Aliingia ndani akatoka na jembe, akanipa. Jumamosi tatu nililima ile bustani upya na kupanda, kwa kuwa mboga zilizong'olewa hazirudi ardhini kwa kuomba radhi. Ya kwanza nilikwenda na tai, nikitoka kazini moja kwa moja. Wachuma chai waliokuwa wakipita walisimama.

"Bwana Karani, umeshushwa cheo?"

"Mwacheni," mmoja akajibu, "anasomea kidato cha tano."

"Chimba chini zaidi," Mama Kerubo akaniambia kutoka mlangoni. "Hiyo siyo karatasi."

Kanisani baba mkwe alinisimamisha mbele ya wazee, akauliza ni kweli nilishika pombe. Nikasema nilishika kwa leso na hakuna mtu aliyekunywa. Wazee walijadiliana kwa muda mrefu kama kunywesha samaki kunahesabiwa. Wakaamua nikae nyuma mwezi mmoja, kwa sababu ya Nyabuto, si kwa sababu ya bia. Nadhani walikuwa na haki.

Bwana Meja aliagiza kori wengine wanne kutoka kwa rafiki yake Nairobi, wakaja ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mapaja ya dereva. Nyabuto alinifundisha upya, kuanzia mwanzo, kama mtu asiyejua kitu. Kila agizo alilitoa mara moja, kisha nikalirudia mbele yake, kisha akasema "haya" au akasema "tena". Kori hawakai wachache. Wakipungua sita wanajificha na kunyong'onyea. Wa juu walishwe kwenye kona ya dirishani, na wakishakusanyika pale wakigombania, ndipo minyoo ya wa chini idondoshwe kona ya pili. Minyoo bora iko chini ya lile rundo la samadi nyuma ya jikoni. Na lile neno hakulitumia tena na mimi. Alisema "na hawa vilevile", au "hawa nao". Mimi mwenyewe nimeliacha. Mkiyachunguza maandishi haya mtalikuta pale tu linapohusika na kesi.

Msimu mmoja wa mvua Nyabuto alianza kutia tangini ndoo ya maji ya mvua kila alasiri, yakiwa bado ya baridi, badala ya kuyapasha kwanza. Nikaona amezeeka, lakini nilikuwa nimejifunza kunyamaza. Wiki ile akaniita.

"Bwana Karani, njoo uone."

Kwenye kioo kulikuwa na mayai, madogo, kama sago, na kori jike mmoja alikuwa akipanda na mengine ameyabana kwa mapezi ya tumboni, akiyabandika moja moja. Huko kwao, mzee akaeleza, maji ya baridi ndiyo yanayowaambia kwamba mvua imefika. Tulisimama pale mpaka chai ya saa kumi ikapoa. Tuliyahamishia mayai kwenye beseni, na baada ya majuma kadhaa vifaranga vikawa vinaonekana vizuri. Nyabuto akavihesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

"Sasa ni wengi kuliko uliowaua," akasema.

Nikahesabu. Ilikuwa kweli.

Aliondoka klabuni kwa hiari yake, baada ya miaka mingi, kwa siku aliyoichagua yeye, mahindi ya kwao yakiwa yamekomaa. Bwana Meja, ambaye naye alikuwa akijiandaa kuondoka, alikuwa amepata kijana wa Nairobi wa kulichukua tangi, mtu aliyesomea mambo ya samaki kwenye vitabu. Akatuita sote wawili ofisini atueleze. Nyabuto alisikiliza kofia ikiwa mkononi.

"Huyo kijana," akauliza, "ameshaua samaki?"

"Hapana, hapana," akasema Bwana Meja. "Yeye nasoma sana."

"Basi bado ataua. Na ataua hawa." Akanielekeza kidole bila kunitazama. "Mpe huyu karani. Huyu ameua tayari."

Bwana Meja alifikiri, akacheka, akakubali, na hivyo ndivyo nilivyopewa tangi mnaloliona. Nikambebea mzee sanduku lake hadi kwenye lori. Mama Kerubo alikuwa ameshapanda mbele, na safari hii bustani alikuwa ameiacha ilivyo, imejaa. Nilipoweka sanduku nilijikaza, nikamwuliza kama maneno yake ya ofisini yalikuwa na maana kwamba amenisamehe.

Alipanda kwanza, akajiweka sawa kitini, akafunga mlango na kuteremsha kioo.

"Bwana Karani," akasema, "mimi nilikuwa naongea habari ya samaki."